Reli ya Farasi na Neno la Muzee

Kadutu, Bukavu
Siku ya Mungu, tarehe 12 ya mwezi wa nane, 1979

Mupendwa mujukuu wangu Benoît,

Yesu Kristu asifiwe. Barua hii ikukute unapumua vizuri, umekula, umevaa kabuti. Mimi koko yako niko. Magoti inanisumbua asubuhi, lakini jua ikipanda inaniachilia, na leo nimeenda misa kwa miguu yangu mwenyewe bila kushikwa na mutu. Tantine Colette iko, anakusalimia. Yolande wake amekuwa murefu, viatu vyote vimemukataa. Vumbi ya kiangazi imejaa Kadutu nzima, tunaila pamoja na ugali.

Na wewe uko aje? Unalala? Huko Liège wanakupa kitu ya kuingia tumboni ama ni mikate tu? Ile picha ulituma umesimama mbele ya kanisa, shingo yako imebaki kama ya kuku wa mugonjwa. Usinijibu kama ni kabuti. Kabuti haifichi shingo.

Ninakuita Benoît. Najua serikali ilikataza majina ya ubatizo, na kwenye pasipoti yako kuko jina lingine. Mimi ndiye nilikubeba siku padri alikumwangia maji, basi nitakuita vile padri alikuita. Mwenye kukasirika aje anifunge. Hapa Kadutu wananijua.

Usicheke maandishi yangu. Colette alitaka nimutajie maneno yeye aandike, nikamukatalia. Masista wa foyer social, ile shule ya wanawake, walinifunza herufi siku moja na kushona, na herufi zangu ni kama mishono yangu: ni kubwa, hazipendezi, lakini hazikatiki.

Sasa nikugombeze kidogo. Tumepata barua yako pamoja na ile karte yenye picha ya farasi wanavuta gari katika barabara za huko zamani. Umeandika kurasa mingi. Unataka kujua Reli ya Farasi ya hapa kwetu ilianza mwaka gani, nani aliileta, ilikufa namna gani, juu professeur wako hakuamini kama Bukavu ilikuwa na kitu kama hicho. Kurasa mingi, Benoît! Halafu chini kabisa, mustari mumoja: «Nasikia koko mwanaume hajisikii vizuri.»

Hajisikii vizuri! Muzee amelala tangu Pasaka. Upande wa kuume umekufa, mukono na muguu. Mudomo umeenda pembeni. Docteur alisema ni tension, mushipa umepasuka ndani ya kichwa. Maneno haitoki tena. Yeye Polycarpe, mwenye sauti ilikuwa inafungua barabara yote ya Nyawera, leo akitaka maji anagonga kitanda na mukono wa kushoto. Hiyo ndiyo «hajisikii vizuri» yako. Karte yako tulimupa. Aliiangalia mupaka jioni, akaiweka chini ya muto, na mutu akitaka kuitoa anagonga kitanda.

Kuko jambo moja ninakuomba, na nitaiandika hapa mbele, juu nikikuachilia kwanza uingie katika mambo ya farasi utasahau ya watu. Papa mudogo Edouard wa Kalehe, ndugu ya muzee wa tumbo moja, ametuma neno mara mingi. Anaomba aje amuone yaya yake, mukubwa wake, kabla hajafa. Nami siwezi kumufungulia. Muzee alisema mbele ya watu: «Edouard asikanyage kizingiti changu nikiwa muzima.» Unajua kwetu neno kama hilo, baba akishalitamka mbele ya watu, haliondolewi na muke, haliondolewi na binti. Linaondolewa na mwenye kulisema, ama na mwenye kumurithi. Mwenye kulisema hana tena mudomo. Papa yako Bisimwa, ndiye angelirithi, tulimuzika. Imebaki wewe. Basi andika: aingie ama asiingie. Andika upesi, weka timbre ya ndege juu ya bahasha. Usinijibu na visababu kama vya kabuti.

Lakini ili uamue vizuri inafaa ujue sababu ya kile kizingiti kufungwa. Na ukiijua hiyo, utakuwa umejua historia yote ya kampuni, juu ni jambo moja. Kwa hiyo professeur wako naye atakula hapa.

Ilianza mwanzo wa vita ya Hitler. Muji ulikuwa ungali unaitwa Costermansville. Mafuta ya gari ilikosekana, malori ilisimama na majani inaota katika magurudumu. Kulikuwa muzungu mumoja, Muflama wa Ubelgiji, watu walimuita Bwana Makelele. Aliokota reli nyembamba za shamba moja la zamani, akazitandika kutoka port mupaka soko ya Nyawera, kisha akapandisha mulima kuja huku Kadutu fasi ya wafanyakazi. Wagoni zake zilikuwa za mbao, na jina refu la Kifaransa ubavuni. Sisi tuliita Reli ya Farasi, basi.

Farasi walitoka mbali kule kusini, wakavuka Tanganika na meli, wakashuka Uvira. Kutoka Uvira walikuja kwa miguu. Sasa pale Sange kulikuwa kijana mumoja wa kwetu Bushi amekwenda kutafuta kazi ya pamba. Alikuwa babu yako. Farasi walifika kwenye daraja ya mbao, wa mbele akakataa. Bwana Makelele akapiga makelele. Farasi akakataa zaidi. Polycarpe alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe za baba yake, akatoa chumvi katika kitambaa, akaiweka katika kiganja, akatembea kinyumenyume juu ya daraja, na farasi akamufuata akilamba. Wengine wote nyuma. Muzungu akamuambia: «Wewe unakuja na mimi.» Akaacha pamba hapo hapo, hata jembe hakurudisha. Akapanda nao mupaka Bukavu.

Muzee alikuwa anasema kila mara: «Ile chumvi ndiyo kitu peke yake nilitoa kwa ng'ombe. Ingine yote nilijifunza mupya, juu farasi si ng'ombe.» Shika hilo neno. Ni hilo lilitupasua.

Alikuwa conducteur. Alikuwa na koti ya kaki yenye vifungo vya shaba, mimi ndiye nilikuwa ninasugua vifungo na majivu na ndimu. Nitakuambia kweli, Benoît: nilitazama vifungo kabla ya kutazama mutu. Wanawake wa Kadutu walinionea wivu na walikuwa na haki. Watoto wa mitaani walikuwa wanamukimbilia nyuma wakiimba: «Chauffeur wa matako ya farasi!» Naye bila kugeuka: «Mimi ninalipwa kuyatazama. Nyinyi munayatazama bure!» Na soko nzima inacheka.

Mwanzo wazungu walikaa mbele chini ya pazia, sisi tunasimama nyuma na mizigo yetu. Kisha vita ikaisha, mafuta ikarudi, wazungu wakarudi katika motokari zao. Watu walisema reli itakufa. Haikufa. Ikabaki yetu. Mama wa ndizi, mama wa samaki, masista, wagonjwa wa kwenda hôpital, harusi hata. Papa yako Bisimwa, vita ingali mbichi, nilianza kuumwa naye ndani ya wagoni, mbele tu ya soko, na Polycarpe akakataa kusimamisha farasi juu kuko watu wamelipa. Nilimutukana mupaka juu ya mulima. Nilizaa nimefika tu kwenye mulango.

Sasa uelewe ule mulima, juu wewe umeupanda na viatu vya shule, haujaupanda na mizigo. Farasi za wagoni peke yao hawakuweza. Basi pale chini Nyawera kulikuwa farasi mwingine anangoja, kazi yake ni kusaidia tu. Wagoni ikifika, wanamufunga mbele ya wengine, anavuta nao mupaka juu. Pale juu Polycarpe anamufungua, anamupiga mukono ubavuni mara mbili, pa, pa, anamuambia: «Nenda, mama, yako imekwisha.» Na yule farasi anageuka, anashuka peke yake, bila kamba, bila mutu, mupaka chini, anasimama fasi yake kungoja wagoni ingine.

Musaidizi wa mwisho alikuwa farasi jike, mweupe, wa kundi lililokuja kidogo kabla ya uhuru. Muzee alimuita Madame. Wake za wazungu hawakufurahi. Akishuka, mama wa soko wanavuta vikapu: «Mupishe Madame! Madame anarudi kwake!» Hakukanyaga nyanya ya mutu hata siku moja. Hakuhitaji hata mutu wa kumuangalia. Nilikuwa ninamuonea wivu, nakuandikia bila haya. Muzee akirudi nyumbani alikuwa ananipa habari za Madame mbele ya kuuliza watoto wake.

Mwaka wa mercenaires, wale askari wazungu wa kulipwa, wakati mabomu ilianguka katika muji na sisi sote tukakimbia, yeye alikimbia na farasi. Mimi nilibeba watoto, yeye alivuta farasi! Aliwapeleka Kalehe, akawaficha katika migomba ya Edouard. Edouard aliwakatia majani na kuwafukuzia wezi mupaka vita ikaisha. Muzee alisema: «Bila mudogo wangu, hakuna Reli ya Farasi.» Walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kimoja siku ile. Niliona. Ninaandika hiyo ili usifikiri Edouard ni mutu mubaya.

Halafu ikakuja zaïrianisation. Ulikuwa ungali katika secondaire, unakumbuka. Mali ya wageni ikapewa wananchi. Bwana Makelele, akiwa muzee wa kuvuta miguu, alipewa siku chache afunge masanduku. Alikwenda kwenye depot kuaga farasi. Kwa watu alipiga makelele mupaka kwenye ndege. Kwa farasi, siku ile, hakupiga.

Yule aliyepewa kampuni, acquéreur, sitaandika jina lake, sitaki lipande ndege na jina lako. Alikuwa Mushi kama sisi, mutu wa kofia na fimbo, anataka kuwa mukubwa. Hakuja kutazama reli. Alikuja kuhesabu mifugo. Na kwetu mutu mukubwa ni nani? Ni yule mwenye kugawa ng'ombe. Anakupa ng'ombe uchunge, ni bugabire. Ng'ombe ni yake, maziwa ni yako, ndama munagawana, na wewe unakuwa mutu wake mupaka kaburini. Basi huyu bwana hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na farasi. Akawagawa farasi kwa bugabire.

Ukicheka, cheka. Sisi hatukucheka.

Polycarpe alimufuata katika depot na koti yake ya vifungo. Nilikuwa nimemupelekea chakula, nilisikia kwa masikio yangu.

«Citoyen, hawa ni watu wa kazi. Ukiwatoa, wagoni itavutwa na nani?»

«Watazaa, tutakuwa na wengi.»

«Hawazai. Hawa wanaume wote wamekatwa. Yule jike mumoja hana bwana.»

«Muzee, mimi nimezaliwa katika mavi ya ng'ombe. Utanifundisha mifugo?»

«Si ng'ombe, citoyen.»

«Iko na miguu ine? Inakula majani? Basi toka mbele yangu.»

Wakaenda. Mumoja huku, mumoja kule, kila mulima na farasi wake, na wenye kupokea wakileta kasiksi kwa acquéreur na kupiga makofi. Waliwafunga katika vibanda vya ng'ombe, wakawapa maganda ya ndizi. Mwanamuke mumoja alijaribu kukamua, farasi akamutoa meno. Kwato zikakua, zikapinda kama viatu vibovu, juu hakuna wa kuzikata. Watu wakangoja ndama. Farasi wakaanza kufa. Na kila mumoja akifa, mwenye kumuchunga alifanya vile inafanywa kwa ng'ombe: alipeleka ngozi kwa mwenye mali, ili ajue hakuuza. Ngozi zikaanikwa kwenye ukuta ya depot, rangi zote. Muzee alizijua moja moja kwa jina. Alipita pale kila asubuhi kama mutu wa kwenda kazi, na koti yake, anasimama, anarudi. Sikuthubutu kumuambia aivue.

Hiyo ndiyo kufa kwa kampuni, Benoît. Usimuandikie professeur wako kwamba ni malori iliiua, ama kwamba watu walichoka nayo. Reli zenyewe watu walizing'oa kisha, wakashikiza nazo mabati ya nyumba. Ziko juu ya vichwa vya watu huku Kadutu, upepo ukipiga, mabati haitoki. Wagoni moja iko buvette pale Nyawera. Watu wanakunywa Primus wamekaa chini ya pazia, fasi ya wazungu.

Na Madame? Acquéreur alisikia kwamba kuko mutu wa Kalehe aliwahi kuchunga farasi wakati wa vita wasife. Akatuma mutu kumuita. Akamupa Madame. Na Edouard akapokea.

Muzee alikwenda Kalehe na bato ya ziwani, mimi na Bisimwa nyuma yake. Hakukaa kwenye kiti alipewa.

«Mudogo wangu, nirudishie Madame.»

«Yaya, ng'ombe ya bugabire hairudishwi. Unajua. Nikimurudisha nimemutukana mukubwa, atanichukulia hata shamba.»

«Si ng'ombe!»

«Yaya, nisingepokea mimi angepewa nani? Ungependa ngozi yake iende kule kwenye ukuta?»

«Ulipokea. Ulipiga makofi. Nilimuambia yule mutu mbele ya wote hawa si ng'ombe, na ndugu yangu akapiga makofi.»

Kweli Edouard alipiga makofi. Kupokea bila kupiga makofi hakuko. Ndipo Muzee akatamka lile neno, watu wa mulima wote wakisikia. Madame alikuwa chini ya migomba. Hakwenda kumugusa. Alijua akimugusa atalia mbele ya watu.

Siku ya kumuzika papa yako, Edouard alikuja. Alibaki barabarani. Mvua ilimupiga kutoka asubuhi mupaka tuliporudi makaburini, analia mutoto wa yaya yake akiwa inje, kama mutu wa kupita. Nilimuangalia kupitia mulango. Sikutoka, juu neno lilikuwa neno. Kisha tulisikia Madame amekufa naye. Mutu alikuja kutoka Kalehe kueleza. Muzee akatoka kwa mulango wa nyuma asisikie.

Basi umejua. Ninaacha hapa, mukono unauma, na Muzee anagonga kitanda. Colette ataipeleka poste kesho. Fikiri kama mwanaume.

*

Siku ya pili ya juma, tarehe 21

Benoît, barua haikwenda poste. Poste ilifungwa, kisha ikafunguliwa bila timbre, kisha mambo ikatukuta. Ninaendelea juu ya karatasi ile ile.

Siku ya ine ya juma lililopita, jua ikiwa juu, Colette alikuja jikoni.

«Maman, papa mudogo iko barabarani.»

«Amesema nini?»

«Hajasema. Amesimama. Iko na gunia.»

Nikatoka. Ni yeye. Alikuja na bato ya watu wa soko, hakungoja neno lako wala langu. Amezeeka, Benoît, alikuwa mudogo wetu na sasa ni muzee kuliko muzee. Alisimama palepale aliposimama siku ya papa yako. Nikamuambia:

«Edouard, nani alikuita?»

«Hakuna, mulamu.»

«Unajua neno.»

«Najua. Sitaingia. Umupelekee hii tu, aiguse.»

Akafungua gunia. Ndani ilikuwa ile duara ya ngozi ya shingoni ya Madame, ya kuvutia wagoni. Alikuwa ameipaka mafuta, inang'aa. Harufu ilinipiga. Ni harufu ya koti ya kaki, ya bwana wangu akirudi jioni. Miaka yote sikujua kama niliipenda.

Nilifikiria barua yako ambayo haijaandikwa. Nilifikiria timbre. Muzee hakuwa anakula tangu siku mbili. Nikamuambia Edouard: «Beba kitu yako mwenyewe, mimi si hamali.» Nikamushika mukono, nikamuvusha kizingiti. Colette alipiga mukono mudomoni. Nilimuambia afunge mudomo vizuri, kama ni laana itanikuta mimi, nimeishi ya kutosha.

Muzee alikuwa ameangalia ukuta. Edouard akapiga magoti, akaweka ile ngozi juu ya kitanda, karibu na uso. Muzee akanusa. Aligeuza kichwa pole pole, peke yake, kichwa ambacho tulikuwa tunakigeuza sisi. Akaona ngozi. Kisha akaona Edouard.

Edouard alisema, na mimi ninakuandikia vile alisema: «Yaya, ulisema kweli. Si ng'ombe. Kila siku alishuka mulima wangu akasimama pale barabarani. Lori yenye muzigo ikija, anatangulia mbele yake mupaka juu. Hakuna mutu amemufunga, yeye tu. Ikifika juu anangoja. Anangoja, yaya, anasimama na kunitazama, na mimi sikujua anangoja nini. Kisha anashuka. Chauffeurs wa ile njia walimujua wote. Alikufa pale chini, fasi ya kungojea. Watu walitaka nyama, nilisimama na panga. Mukubwa alidai ngozi, nilimunyima, akanichukulia shamba. Nilimuzika na ngozi yake.»

Mimi nilijua Madame alikuwa anangoja nini. Na Muzee alijua. Alitoa sauti, si neno, ni sauti.

Akainua mukono wa kushoto. Nikataka kumusaidia, akanitazama na macho ile unajua, nikaacha. Akauweka begani pa Edouard. Akapiga mara mbili. Pa, pa.

Edouard hakuelewa. Alifikiri ni kumufukuza, akaanza kuinuka. Nilimukandamiza chini, nikamuambia maana yake. Nilimuambia vile bwana wangu alikuwa anasema pale juu ya mulima, neno kwa neno. Alilia mupaka shuka ikalowa, naye Muzee akiwa amefunga macho, mukono ungali pale.

Muzee alituacha siku ya Mungu, watu wakitoka misa ya kwanza. Hakuumia. Tulimuvalisha koti ya kaki. Vifungo nilisugua mimi. Karte yako tuliiacha naye, ile picha ya farasi wa huko, kwa hiyo usiulize iko wapi. Edouard alibeba sanduku mbele, upande wa kichwa. Tulimuzika jana, karibu na papa yako.

Kisha watu wakakaa kunywa, na Edouard akasema bato yake itamuacha. Modeste wa jirani akataka kumusindikiza mupaka port. Akakataa. Nilisimama barabarani nikamuangalia akishuka ule mulima wa Nyawera, bila muzigo, bila mutu, katikati ya barabara fasi reli ilikuwa inapita. Mama wa soko wakavuta vikapu akapita.

Basi lile neno nililokuomba, usiliandike tena. Niliondoa mimi. Kama nilikosea, wewe ndiye murithi, uje unigombeze, lakini uje unigombeze hapa, mbele ya kaburi, si kwa karatasi. Nitakungoja. Na kabla ya kunigombeza utakula.

Colette anakusalimia na macho mekundu. Yolande anakusalimia, anauliza kama huko farasi wangali wako. Modeste na muke wake Eulalie wanakusalimia, walitupikia siku zote hizi. Papa mudogo Edouard aliniachia salamu zako pale kwenye kizingiti, alisema nikuambie kwamba aliingia.

Mungu akulinde kwenye baridi na kwenye vitabu. Mama Maria akushike mukono wa kuume, na mukono wa kushoto uachie babu yako, sasa iko na nguvu tena.

Mimi hapa, mwenye kukupenda hata nikikutukana,
koko yako Domitille